Yah: Herufi L Uliyoikata Mezani Kwangu

Kwa Mwalimu Mstaafu,
Mlango wa tatu, ghorofa ya chini.

Mwalimu wangu,

Natumaini hujambo na magoti yamepoa. Mimi sijambo kidogo tu, na sababu ni wewe. Ila nitaieleza kwa adabu, kwa kuwa ulinifundisha darasa la nne na mpaka leo nikikuona kwenye ngazi nachomekea shati.

Kama ujuavyo, mimi ni fundi saa, na siku nisiyofungua kibanda nakwenda bwawani kuvua. Chambo cha kuchimba kilinishinda, kwa sababu mke wangu hataki kukiona kwenye friji. Ndipo nikaanza kujitengenezea minyoo ya plastiki. Unapasha moto plastiki ya maji, nyeupe kama maziwa, mpaka iwe nzito na ing'ae. Unatia rangi, unamimina kwenye kalibu, unasubiri ipoe, unachomoa mnyoo laini unaojinyonganyonga hata ukiupulizia. Kalibu zenyewe ni sita, nimezichonga kwa jasi kwa vifaa vyangu vya saa, nikizihesabu pete za mwili wa mnyoo kwa lenzi. Imenichukua miezi mitatu.

Jumapili iliyopita, wewe na mama mkwe mkiwa wageni wetu, minyoo arobaini na minane ilikuwa inapoa kwenye sahani mezani. Mbele yake palisimama kadi niliyoiandika kwa herufi kubwa: KALIBU. Maana yake iko wazi, kwamba hii ni kazi ya kalibu na isiguswe. Wewe ukatoa kalamu nyekundu mfukoni, ukaikata L, ukaandika R juu yake, ukanipa saba juu ya kumi, ukarudi kwenye kiti chako. Mama mkwe akaingia, akasoma KARIBU, akaona amekaribishwa, akachukua mmoja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kalibu ni neno halali na limo kwenye kamusi. Ni kifaa cha kumiminia kitu kipate umbo. Mtu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na tano hawezi kusema hajawahi kukutana nalo. Wanaochanganya L na R wamejaa mtaa huu, akiwemo muuza maziwa anayetuambia kila asubuhi tutoke halaka halaka. Hao ndio wa kusahihishwa. Mimi simo, na wewe ndiye uliyenifundisha tofauti yake.

2. Minyoo ile ilikuwa ya zambarau, yenye kumetameta, na nilikuwa nimeitia arki ya vanila kwa sababu samaki wa bwawani wanaipenda. Mama mkwe alitafuna kwa dakika kumi na moja. Nilizipima. Kwa heshima yake hakutema. Alisema tu kwamba peremende za siku hizi haziishi mdomoni, kisha akameza mkia. Wewe muda wote huo ulikuwa unapuliza chai.

3. Zahanati tulikompeleka, muuguzi alipouliza mama amekula nini, mke wangu alisema ukweli, kwamba amekula mnyoo. Akaulizwa umetoka wapi, akajibu kwamba mume wake anayo arobaini na saba mingine. Tumemezeshwa dawa ya minyoo nyumba nzima, mimi mara mbili, na kwenye cheti changu imeandikwa kwamba naifuga. Mama mkwe ni mzima kabisa, na ule mkia ulishaendelea na safari yake. Lakini wateja wangu sasa wananikabidhi saa kwa ncha za vidole.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu ametia kalibu zote sita kwenye ndoo, na Jumamosi zinakwenda jalalani mama yake asiponisamehe kwa kinywa chake. Mama yake anasema hamsamehi mkwe aliyemtazama akitafuna plastiki na asiseme kitu. Sasa Mwalimu, mimi ningesemaje? Utamwambiaje mkwe ateme? Maisha yangu yote natengeneza vitu vya watu, wanavichukua, wanaondoka. Kalibu hizi ndizo kitu cha kwanza nilichokianzisha mimi mwenyewe.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, umwandikie mama mkwe barua ya kukiri kosa, kwa wino ule ule mwekundu. Pili, nirudishiwe L yangu kwa maandishi, na alama zipande kutoka saba hadi kumi. Tatu, na wewe ule mnyoo mmoja mbele ya mashahidi, ili wewe na mama mkwe muwe sawa. Nne, herufi R isitumike ghorofa ya chini mpaka Jumamosi ipite. Wageni wakibisha hodi, mtawaambia waingie tu.

Nisalimie mkeo, na paka wenu, na wapangaji wote wa ngazi yenu, na yule muuguzi pia ukipita zahanati. Kalamu yako usiisalimie.

Ni mimi, mwanafunzi wako wa dawati la nyuma,
Fundi Saa, mlango wa kijani.

Baada ya sahihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaitia kwenye bahasha. Alikwenda kwenye droo, akaleta kikaratasi alichoniachia asubuhi ile ya Jumapili. Kinasema niondoe minyoo yangu mezani, kisha niandike kadi nzuri ya kumkaribisha mama. Basi nimekumbuka. Kadi ilikuwa ya mama. Kalibu zilikuwa jikoni siku nzima, na minyoo nilisahau kuiondoa. Alama saba nazikubali, nadhani ulinionea huruma. Jumamosi mama mkwe anakuja ili nimwombe radhi kabla ndoo haijatoka, na ningeshukuru ukiwepo, maana mbele yako atasita kunifokea. Meza nimeshaifuta. Kadi mpya nimeiandika mwenyewe, na safari hii nimeikagua herufi moja moja kwa lenzi: KALIBU SANA MAMA.