Mashine Chini ya Kitambaa cha Mama Mkwe

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Hotuba imekwisha! Kurasa thelathini na nane. Nimeipa jina "Wezi wa Fikra". Sijawahi kuandika kitu kikali namna hii, hata ile barua ya kupinga rangi ya ukumbi wa kata.

Jumamosi ni mdahalo wa Jukwaa la Wasomaji. Mwishoni wanachagua mwenyekiti, na huwa wanamchagua aliyezungumza vizuri. Mwalimu Abdulwahab amekikalia kiti hicho miaka mitatu. Mitatu! Mwaka jana alisimama akasema sentensi yangu kuhusu uvivu wa kusoma, akapigiwa makofi. Sentensi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeifikiria muda mrefu, ila nilikuwa sijaitamka.

Leo nilikuwa dukani kwa Mwanaasha, kwenye steshenari. Abdulwahab alikuwepo, akachapisha fomu yake, akaondoka. Flashi akaiacha imechomekwa. Ningeweza kumwita, lakini anatembea haraka sana kwa mtu mwenye goti bovu. Nikaichukua ili isipotee.

Nyumbani niliifungua kwenye kompyuta yangu nijue ni ya nani. Kweli nilikuwa najua, lakini mtu makini huhakikisha. Ndani mna hotuba yake ya Jumamosi. Kurasa kumi na sita. Dhaifu! Nilizisoma zote ili niwe na hakika ya udhaifu wake. Hoja ya tatu peke yake ina nguvu, kwa hiyo bila shaka ni yangu. Nimeirudisha kwenye hotuba yangu, mahali pake halali.

Adhana ya magharibi. Nimezima mashine na kuifunika. Flashi iko mahali salama.

Jumanne, 12 Agosti

Mashine haiwaki!

Yaani inawaka, inaguna, kisha kioo kinakuwa cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza. Kwa Kiswahili yanasema: ondoa diski au kitu kingine chochote kilichochomekwa, kisha bonyeza kitufe chochote. Diski gani? Sina diski. Nimesingiziwa na sanduku la bati! Nimekaa nusu saa nikiandika majibu kwenye karatasi, hoja kwa hoja, mpaka nikakumbuka kwamba mashine haisomi karatasi.

Hotuba yote imo humo. Nakala ya pili sina. Nakala za pili ni za watu wasiojiamini.

Nieleze jinsi mashine ilivyokaa, kwa faida ya vizazi vijavyo. Kasha lake liko mezani, limefunikwa kitambaa cha kufuma, maua ya waridi mekundu, kinashuka mpaka sakafuni pande zote. Kakifuma mama mkwe wangu, Bi Habiba wa Mlingotini, kwa miezi minne. Sheria ya mke wangu Zuleha ni moja: kitambaa cha mama hakiguswi na mtu mwenye wino vidoleni, hata upindo wake. Jana nilipinda ncha ya nyuma kidogo tu, kwa shughuli muhimu, nikaishusha mara moja kabla hajaona. Kitufe cha kuwashia nakitafuta kwa kidole kupitia tundu la ua la tatu kutoka kushoto. Mfumo mzuri kabisa.

Nimeichunguza hali hii kisayansi. Tatizo ni umeme. Na umeme wa mtaa huu unaharibiwa na Shuaibu, fundi wa kuchomea mageti, nyuma ya ua wangu. Nikaenda. Nikamweleza kwa sauti ya wastani, ingawa watu wawili walisimama barabarani.

Akaniamkia kwanza. "Shikamoo mzee Bwanausi." Mzee! Nina miaka hamsini na mbili. Akasema hajawasha mtambo tangu Jumamosi, alikuwa msibani Miono, ndiyo kwanza anafungua mlango. Kisha akauliza, kwa upole ule unaoudhi, kama hakuna kitu nilichokichomeka nikakisahau.

Nikamjibu kwamba fundi wa mageti abaki kwenye mageti.

Jumatano, 13 Agosti

Saa nne asubuhi, hodi. Abdulwahab!

Alikuwa amepauka. Tukaulizana hali, watoto, goti. Kisha akasema amepoteza flashi. Hotuba yake imo humo, hana nakala nyingine, na amepita kila alikopita Jumatatu. Je, nimeiona?

Swali zito. Sipendi uongo. Nikamuuliza nami: ni sawa kweli mtu msomi kuacha mali ya akili yake ovyo madukani? Akainamisha kichwa akasema si sawa. Kwa hiyo nimeshinda hoja bila kudanganya.

Zuleha akamletea chai na vitumbua. Alikula vinne. Alikaa akiitazama mashine yangu umbali wa hatua mbili, akasifu kitambaa. Zuleha, ambaye hana siri, akamwambia mashine nayo imegoma na hotuba ya Baba Adila, yaani mimi, imo ndani. Abdulwahab akacheka mpaka akashika goti. "Basi ndugu yangu, Jumamosi tutasimama wote wawili tukitazamana." Akaomba aiangalie, amewahi kufundisha somo la kompyuta kidogo. Akainua mkono kuelekea kwenye kitambaa.

Nikaruka katikati! Namjua. Anataka kusoma hotuba yangu kabla ya wakati wake. Kuna watu hawana haya.

Alipoondoka nikaamua kuirudisha ile flashi kimya kimya. Huruma imenishika. Lakini haipo! Nimetafuta kabatini, chini ya msala, kwenye mifuko ya kanzu zote, ndani ya kopo la sukari. Mahali salama pamekuwa salama mno.

Nimefikia hitimisho moja tu linaloingia akilini. Abdulwahab amenijia leo, amekunywa chai yangu, na ameiiba.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbili zimebaki. Nimejaribu kuiandika hotuba upya kutoka kichwani. Nimekumbuka kichwa cha habari, salamu, na ile hoja ya tatu.

Asubuhi nikaamua kuitii mashine. Imesema bonyeza kitufe chochote, haya. Nimebonyeza vyote, kimoja kimoja, kwa mpangilio, vitufe mia moja na nne. Maandishi yaleyale. Kwa hiyo hata neno "chochote" halina maana tena katika dunia hii. Nitaandika makala.

Adhuhuri nikaenda kwa Mwanaasha. Ndiye fundi pekee ninayemwamini, lakini siwezi kumpelekea mashine. Ataanza kuuliza ya Jumatatu. Nikauliza kwa niaba ya rafiki yangu wa Vigwaza.

Akaniuliza huyo rafiki hajaacha flashi mgongoni mwa kompyuta? Mara nyingi ni hilo tu, kompyuta inatafuta pa kuanzia, inakuta flashi, inachanganyikiwa.

Nikasema rafiki yangu hamiliki flashi. Ni kweli. Hamiliki.

Akanitazama juu ya miwani. Akasema maskini Mwalimu Abdulwahab amekuja mara tatu, na kwamba yeye Mwanaasha anamwombea aliyeichukua Mungu amrudishe kwenye njia. Duka lilikuwa limejaa. Nikasema "Amin" kwa sauti kuliko wote.

"Kaka Bwanausi," akaniambia nikiwa mlangoni, "mwambie rafiki yako afunue, aangalie nyuma."

Mwanamke mzuri, lakini anarahisisha mambo. Tatizo hili ni la kina.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimerudi kutoka msikitini nikiwa na uamuzi: nitaomba mdahalo uahirishwe kwa sababu za kiafya. Za mashine, lakini sitafafanua.

Nikakuta mashine iko uchi.

Kitambaa kiko kwenye beseni. Bi Habiba anakuja kesho, na Zuleha hawezi kumpokea mama yake na vumbi la wiki tatu. Zuleha kasimama katikati ya sebule, mkono mmoja kiunoni, wa pili ameshika kidude chekundu chenye uzi.

"Baba Adila, hiki kilikuwa mgongoni mwa mashine yako. Kimenasa maua ya mama, kimevuta uzi mpaka huku."

Nikasema ajabu.

"Kina karatasi. Imeandikwa Mwl. Abdulwahab. Yule aliyekula vitumbua vyangu juzi kwa majonzi."

Nikasema ajabu sana. Pengine alikichomeka mwenyewe siku ile alipokuja.

"Ulisema hukumruhusu hata kugusa."

Kumbukumbu ya mwanamke huyu ingefaa mahakamani. Ili nibadilishe mazungumzo nikabonyeza kitufe, safari hii bila kupapasa ua. Mashine ikaguna, ikafikiri, ikawaka! Hotuba ipo! Kurasa zote thelathini na nane! Nilitaka kumkumbatia Zuleha, akaniwekea ile flashi kiganjani. Akasema niirudishe leo hii, la sivyo ataipeleka yeye, na ataeleza ilikokuwa, na atabeba beseni kama ushahidi.

Kwenda kwa Abdulwahab uso kwa uso ni kudhalilisha kalamu. Nikabuni njia bora. Nitaiacha chini ya meza ya Mwanaasha, ionekane imeanguka. Saa kumi duka lilikuwa tupu. Nikapiga magoti, nikaisukuma nyuma ya rimu za karatasi.

"Rafiki yako wa Vigwaza ameangusha kitu?"

Mwanaasha. Alikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi muda wote. Nikasema natafuta kalamu yangu. Akaiokota flashi, akaipangusa kwa khanga yake, akasema atampigia Mwalimu kwamba imepatikana, basi, hatasema zaidi. Nikatoka bila kalamu.

Jumamosi, 16 Agosti

Ukumbi umejaa. Zuleha na mama yake safu ya mbele. Bi Habiba ananitazama kama mtu aliyeharibiwa ua.

Abdulwahab alizungumza kwanza. Hoja ya kwanza, dhaifu. Ya pili, dhaifu. Ya tatu ilipokuja ukumbi mzima ulinyanyuka kwa makofi, na mimi nikapiga pia, kwa mazoea, maana ilikuwa nzuri.

Kisha zamu yangu. Dakika kumi za moto! Niliwachana wezi wa fikra, wale wanaonyemelea akili za wenzao, wanaovuna wasichopanda. Watu walinikodolea macho, nimewateka. Nikafika kwenye hoja ya tatu.

Sikukumbuka, Mungu ni shahidi, mpaka nilipokuwa katikati ya sentensi. Kisha sikujua pa kukanyaga breki. Nikaisoma yote, neno kwa neno, pamoja na ule mfano wake wa shangazi na redio. Shangazi ni wa Abdulwahab. Yumo ukumbini. Alipunga mkono.

Kicheko kilianzia kwa Mwanaasha.

Abdulwahab akasimama. Nikajiandaa kwa upanga. Akasema asinilaumu mtu, Jumatano tulikunywa chai pamoja na huenda mawazo yalichanganyikia kwenye birika. Watu wakacheka zaidi, lakini kicheko kingine, cha kunisamehe. Sikuwa nimeomba kusamehewa! Ni mbinu chafu kumtendea mtu wema mbele ya watu.

Amechaguliwa tena. Kura arobaini na moja. Mimi mbili. Moja yangu, na Zuleha anaapa ya pili si yake. Mwaka wa nne! Halafu Abdulwahab akapendekeza mimi niwe katibu, kwa kuwa, alisema, hakuna asomaye maandishi ya wenzake kwa makini kama mimi. Wamepitisha kwa shangwe. Nimekubali ili kulinda jukwaa dhidi yake.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekabidhiwa flashi ya jukwaa, ya bluu, kumbukumbu zote za miaka minne. Nizitunze tu, kasema Abdulwahab. Lakini katibu mwenye wajibu lazima apekue. Nina hakika sentensi yangu kuhusu uvivu wa kusoma imo humo, na siku nitakayoiona nitamvua nguo.

Nilichambua hadi magharibi. Bado sijaiona. Bi Habiba amemaliza kuurekebisha uzi, Zuleha akarudisha kitambaa mahali pake kwa mikono yake na kuninyooshea kidole. Kinapendeza. Kinashuka mpaka sakafuni.

Flashi iko mahali salama.

Jumatatu, 18 Agosti

Mashine imegoma! Maandishi yaleyale, singizio lilelile.

Shuaibu amewasha mtambo tangu saa moja. Cheche nazisikia kutoka hapa. Navaa viatu.