Ombi la Kumfungia Mzee Gia Mlango wa Maktaba

Kwa Ndugu Mkutubi Mkuu,

Natumaini waraka huu utakukuta mzima, na utakukuta mahali ulipo siku zote, yaani ofisini kwako ghorofani, mbali na wasomaji.

Mimi si mgomvi. Ni fundi wa nyaya za mtandao katika hospitali, mwanamke ninayejulikana zaidi kwa miguu kuliko kwa sura, kwa kuwa muda mwingi kichwa changu kimo ndani ya dari. Mwaka huu meneja wetu ameamka na wazo. Amesema asiye na cheti cha ile kampuni inayotuuzia rauta na swichi, ile mitambo ya kuongozea mtandao, asiziguse tena; abaki kwenye ngazi avute nyaya. Nami nimechoka na vumbi la dari, Ndugu Mkutubi. Nataka kuingia kwenye chumba cha mitambo kupitia mlangoni kama binadamu wengine.

Kampuni yenyewe, kwa lugha tamu, inatuambia kwamba vitabu vyote vya kujiandaa kwa mtihani wake vinapatikana mtandaoni. Hii ni sawa na kumwambia mwenye kiu kwamba ndoo za kuchotea maji ziko chini kisimani. Nimezunguka mji mzima. Kitabu kipo kimoja tu, nacho kiko kwako. Nakupongeza kwa nakala hiyo. Ni ya toleo lililopita, jalada lake limeshikizwa kwa plasta ya kufungia vidonda, sura nzima ya mtandao wa bila waya imenyofolewa, na majibu ya mazoezi yamejazwa kwa kalamu na msomaji aliyekosea yote kwa mwandiko mzuri sana. Juu yake kuna muhuri usemao hakiazimwi. Ni haki. Kitu cha thamani kama hicho hakifai kutoka nje.

Lakini kina mtu amekikalia. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya.

1. Anawahi. Mlinzi akifungua mlango asubuhi anamkuta Mzee Gia kwenye ngazi, amechana nywele, anasubiri. Mimi nikitoka zamu yangu namkuta kwenye meza ya dirishani, kitabu kimefunguliwa mbele yake kama sinia. Ni dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Watu wamempa jina hilo kwa sababu akifikiri, mkono wake wa kulia hubadilisha gia hewani. Nilimwuliza kwa adabu zote kama anafanya mtihani. Hafanyi. Je, ana meneja anayemtisha? Hana. Anasoma tu. Sijapata kuona kitabu kikitumiwa vibaya kiasi hicho.

2. Anasoma kwa midomo. Husikii maneno, lakini unayaona yakipita.

3. Sababu yake ya kusoma haina uzito. Ana binti anayefanya kazi ya mitandao nchi ya mbali. Kila alipompigia na kumwuliza siku nzima anafanya nini huko, binti alimjibu, "Hutaelewa, baba," kisha akaulizia hali ya magoti ya mzee. Siku moja mzee alikata simu katikati ya magoti. Tangu hapo hakupiga, na binti alipopiga hakupokea. Akaja hapa akamwomba mkutubi wako wa zamu kitabu cha "vile vitu vya binti yangu", naye, bila kufikiria matokeo, akampa. Nauliza: kila mzazi akianza kusomea kazi ya mwanawe, sisi wengine tutakaa wapi? Mama yangu mzazi anaamini kwamba natengeneza feni, na tunaishi kwa amani.

4. Ananiuliza maswali. Mwanzoni nilikaa upande wa pili wa meza nikisubiri achoke. Hakuchoka. Alikigeuza kitabu kinielekee, akaweka kidole kwenye ukurasa, akaniuliza kama hii anwani ni ya nyumba au ya mtu anayekaa ndani. Nilimjibu haraka ili amalize. Akafurahi sana, akahamisha kiti chake upande wangu. Ndugu Mkutubi, tangu siku hiyo sijasoma ukurasa ambao sikulazimika kuueleza, na sijaeleza ukurasa ambao sikulazimika kuuelewa kwanza. Je, mtu anaandaliwaje kwa mtihani katika mazingira kama hayo? Wenzangu wote hukariri usiku mmoja na kusahau asubuhi, kama inavyotakiwa.

5. Amenijaza malori kichwani. Kila ninachomweleza anakipakia kwenye lori. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ni lori. Rauta ni yule mtu anayesimama njia panda na kibendera. Nilipomfundisha kwamba zipo rauta zinazohesabu vituo na zipo zinazopima ubora wa njia, alicheka mpaka mkutubi wa zamu akagonga meza. Akasema njia fupi si ile yenye vituo vichache, ni ile usiyokwama matopeni, na kwamba angejua haya mapema asingemwogopa binti yake. Mara nyingine hupotoka kabisa. Alishikilia kwamba pakiti iliyopotea itasimama kuuliza njia, na ilinichukua jioni nzima kumtoa hapo.

Basi nikaenda kwenye mtihani. Nikafeli. Karatasi ya matokeo inaonyesha kwamba sehemu ya njia nimepata karibu zote, kwa sababu kila swali lilipotokea kwenye kioo cha kompyuta nilimwona Mzee Gia akibadilisha gia. Sehemu ya mtandao wa bila waya nimepata aibu. Mtu asiyejua mambo atasema ni kwa sababu sura hiyo imenyofolewa kitabuni. Mimi nasema ni kwa sababu mzee alinifanya nijue sana upande mmoja, na upande mwingine ukaona wivu. Nina nafasi moja tu ya kurudia, kisha meneja atanirudishia ngazi yangu moja kwa moja.

6. Lalamiko hili linanipa taabu kuliandika, lakini haki haina aibu. Jioni moja tulifika penye habari ya pakiti inayozunguka mno bila kufika. Nikamwambia hutupwa.

Mkono wake ulitulia. Akaniuliza kama hakuna anayeitafuta. Nikamweleza kwamba mtumaji hukaa akisubiri jibu fupi la kuthibitisha kwamba mzigo umefika. Asipolipata, hutuma tena.

"Na yule wa upande wa pili akiendelea kunyamaza?"

"Anatuma tena, mzee, na tena. Mwisho anakata tamaa, anafunga njia."

Alikifunga kitabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya kengele ya kufunga maktaba. Akatoka na simu yake mpaka kwenye ngazi. Kitabu kikabaki chote mikononi mwangu, kwa mara ya kwanza, na jioni bado ndefu. Ningesoma. Badala yake nilimtazama dirishani mpaka mkutubi wa zamu akaja kuzima taa. Muda huo wa masomo niliopoteza naomba ufidiwe.

Aliporudi kuchukua kofia yake aliniarifu, bila mimi kumwuliza, kwamba amemwambia binti yake, "Nilikuwa sijathibitisha kupokea." Binti akacheka, kisha akalia, au alianza kulia ndipo akacheka; mzee hakuwa na hakika, laini ilikuwa mbaya.

7. Kutokana na uzembe huo sasa wamekuwa wawili. Binti anapiga simu kila mara. Anamwuliza baba yake maswali ya mitego, baba ananiletea mimi, nikikosea anasikitika kwa niaba ya ukoo mzima. Mbaya zaidi, binti alipopata habari kwamba kitabu chetu ni cha toleo lililopita, alimtumia baba yake kwenye simu maelezo ya mambo yote mapya. Ni maelezo mazuri mno. Nimeyaona kwa mbali. Nilipoyaomba, Mzee Gia alikataa kunipa. Masharti yake ni kwamba niyasome kwa sauti, tena taratibu, naye awe kando yangu, na nisiruke penye ugumu. Huko ndiko tulikofikia, Ndugu Mkutubi. Elimu imetekwa nyara na mtu mwenye miwani iliyofungwa uzi.

8. Juzi binti huyo aliandika sura nzima ya mtandao wa bila waya, ile iliyonyofolewa kwenye nakala yako, akaanza kwa kusema, "Baba na mwalimu wako, someni hii polepole." Mwalimu. Mimi niliyefeli. Sitaki kuzungumza zaidi kuhusu nukta hii.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu usio na kikomo, yafuatayo: Mzee Gia apigwe marufuku kuingia maktabani mpaka nimalize mtihani wangu wa kurudia. Kitabu niachiwe mimi, mwenye shida ya kweli. Na ikiwa sheria hairuhusu kumzuia raia asiye na kosa, basi apelekwe chumba cha magazeti, akasinzie na wastaafu wenzake kama umri wake unavyomruhusu. Maktaba ni ya watu wanaotafuta vyeti. Wanaotafuta kuelewa watafutiwe jengo lao.

Nisalimie mkutubi wa zamu na ile rula yake ya kugongea meza. Nisalimie mlinzi, nisalimie mfagiaji anayetuinulisha miguu, na wote waliopo ofisini kwako huko juu, kama wapo.

Ni mimi mwenye subira iliyokwisha,

Fundi Nyaya,
wa meza ya dirishani

Nyongeza: Nimekuja leo kuileta barua hii kwa mkono wangu, na mlinzi amenizuia mlangoni. Anasema tangu asubuhi umetoa amri, kutokana na malalamiko ya msomaji mmoja, kwamba Mzee Gia asiingie tena, wala "yule mwanamke anayemsomea kwa sauti". Ni mtu wa aina gani huyo anayeweza kukaa chini akaandika barua ya kumfukuza mzee wa watu kwenye kitabu? Hana wazazi? Madai yangu yote ya hapo juu yapuuze, nilikuwa na hasira ya kufeli. Tunachotaka ni kitabu na viti viwili, tena viwekwe karibu, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Mimi na mzee tuko hapa nje kwenye ngazi, tumeanza sura ya binti, na hatuondoki. Mlinzi naye ameshaanza kuuliza maswali.