Mji Mkavu

Nilisikia sokoni, kwa muuza sabuni, kwamba halmashauri inaandika upya historia ya mji wetu, na katika historia hiyo mto haujawahi kufurika. Nilicheka. Usingizi nao ukanikataa, maana binti yangu alikuwa ametoka kujifungua, na chumba chake kiko bondeni, mlango unautazama mto.

Tetesi ikawa tangazo. Gari la kipaza sauti likapita: "Kuanzia leo huu ni Mji Mkavu! Wageni wenye mitaji wanakuja! Mafuriko ni uzushi!"

Sasa, kwetu kila kitanda kimepandishwa juu ya matofali. Mtoto akizaliwa, bibi yake anaongeza tofali. Kwa hiyo ikaundwa Kamati ya Kushusha Vitanda, kwa sababu vitanda virefu vinauchafulia mto jina.

Ofisa Vitanda akaja kwa binti yangu na futi mkononi.

"Mama, kitanda hiki ni uchochezi."

"Baba, ni kitanda tu. Mjukuu wangu kalala juu."

"Ashuke, alingane na maendeleo."

Matofali yakachukuliwa kujengea ofisi mpya ya mwenyekiti wa halmashauri, ukingoni kabisa, ili wageni waone tunavyouamini mto. Ofisa alipogeuka tu, nikambeba mtoto, nikamvuta mama yake hadi kwangu mwinukoni. Akaninunia.

"Mama nawe, kwa woga!"

Ofisi ilipokamilika tu, mvua ikashuka. Kulipokucha, chumba chake kilikuwa na maji hadi dirishani. Binti akamkumbatia mwanawe. Mwenyekiti alikuwa juu ya meza ya ofisi, suruali kaikunja.

"Mafuriko! Leteni mtumbwi!"

Mvushaji akaegemea kasia lake. "Mheshimiwa, hilo si uzushi?"

"Acha mzaha! Nakufa!"

"Mtumbwi kupita mtaani unahitaji kibali. Mji ni mkavu."

"Kibali anatoa nani?"

"Ofisi yako. Imefunguliwa?"

Tulimwokoa, sisi si wanyama. Ila kwanza alitangaza kutoka mezani, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba mto umefurika, na umekuwa ukifurika tangu enzi za bibi zetu. Wageni wenye mitaji walikuwa darajani, wanasikiliza.

Ninyi mnaotafuta chumba kwenye mji wa mtoni, epukeni haya:

Ukuta uliopakwa rangi mpya upande wa chini tu.

Mwenye nyumba anayekwambia pakavu kabla hujauliza.

Kumlaza mtoto sakafuni, hata kwa joto.

Kiongozi ambaye ukimuuliza maji yalifika wapi, anaanza kwa kukushukuru kwa swali.