Mdomo wa Mama Bernardine na Sauti Yake

Jumatatu, 3 Juni. Kimanga.
Kazi kubwa imeingia studio. Mama Bernardine, mwimbaji mkuu wa shorale yetu, kwaya ya kanisa, tangu mimi sijajua kusoma, anahamia Bukavu kwa binti yake. Jana aliimba kanisani mara ya mwisho. Nilimpiga video kwa telefone yangu. Sauti niliichukua kwa mashine ya kuazima. Jumapili ijayo filamu itaonyeshwa kwenye sherehe ya kumuaga. Patient, prezidenti wa shorale, alitaka kumpa kazi Fabiola, mwenye studio ng'ambo ya barabara. Nilimwambia kwamba Fabiola ni hodari sana kwa picha za pasipoti. Kazi ikabaki kwangu.

Jumanne, 4 Juni.
Nimeunganisha picha na sauti. Mwanzo safi. Katikati mdomo unaanza kuchelewa. Mwishoni wimbo umekwisha, watu wanapiga makofi, na Mama bado anafumbua mdomo kama samaki kwenye beseni.

Dawa ni rahisi: kurefusha sauti. Nilivuta kidogo. Haikutosha. Nikavuta sana, mpaka ikawa nzito.

Patient alipita kusikiliza. Akaniuliza, "Evariste, huyu mzee iko nani?" Nikamwambia ni Mama Bernardine. Aliinamia spika, akasikiliza tena. Kisha akaomba nimtumie wimbo wote, picha na sauti, kwenye telefone yake, awasikilizishe wenzake. Nimemtumia. Ni vizuri shorale ijue kazi inaendelea.

Jumatano, 5 Juni.
Nimekwenda kwa Fabiola kwa akili. Nilisema nina rafiki huko Bwegera, video yake mdomo na sauti havipatani. Hakuacha hata kukata picha zake. Alisema telefone haishiki picha kwa mwendo mumoja: mara haraka, mara polepole. Huyo rafiki abadilishe kwanza video iwe ya mwendo mumoja, ndipo aanze kuikata. Na atengeneze kopi pembeni. Akauliza kama rafiki naye ana shorale. Nikajibu analima mpunga.

Njiani nilitafakari. Mshindani hatoi dawa bure. Ni mtego! Kubadilisha video yote, siku nzima ipotee?

Nina njia bora. Pale mdomo unapokosea, nitauficha kwa picha nyingine. Nilikwenda kando ya ziwa kupiga video ya mawimbi. Telefone ilikuwa imejaa, nikafuta video ya Mama. Si iko kwenye ordinateri, kompyuta ya studio? Mashine ya sauti pia nimeifutia yaliyomo na kuirudisha kwa mwenyewe. Nikakutana na Ngoga, mfugaji wa juu milimani, ameteremsha ng'ombe. Nikawapiga video wote. Ng'ombe anatafuna kila wakati. Hakuna atakayepima mdomo wake.

Alhamisi, 6 Juni.
Fabiola ameonekana akiangalia mlango wangu mara mbili. Nimehamishia picha na sauti yote ya Mama ndani ya folda niliyoiita "Hesabu za darasa la sita". Mwizi gani ataigusa?

Nikafungua kazi. Nyekundu tupu! Programu inasema haioni mafaili, nioneshe yalipo. Niliona ni dharau. Yako humo humo ndani, iyatafute yenyewe. Nikabonyeza "puuza". Mama akatoweka. Wakabaki ng'ombe.

Patient akapita tena. "Minye niko naona ng'ombe tu," alisema. "Mama iko wapi?" Nilimweleza kwamba filamu ya kisasa haimwoneshi mtu upesi. Alipoondoka nikaionesha programu folda ilipo. Mama akarudi. Simwambii mtu.

Jumamosi, 8 Juni.
Filamu imekwisha. Kilichobaki ni kuitoa iwe faili moja. Ilikwenda vizuri, karibu na mwisho ikasimama. Disiki imejaa. Nimejaribu tena. Imesimama palepale.

Nikatafuta vitu visivyo na kazi. Nikaona "Hesabu za darasa la sita". Katika studio hii hakuna mwanafunzi. Nikafuta. Nikamwaga na takataka, kwa usafi. Nafasi tele! Nikaanza upya.

Nyekundu.

Nikakumbuka.

Nilivuka barabara mbio. Fabiola aliuliza kopi iko wapi. Nikamwambia yule rafiki wa Bwegera hakutengeneza. Aliniangalia, akafunga studio yake na wateja wakiwa mlangoni, akaja kukaa kwenye ordinateri yangu. Alihangaika mpaka jioni. Hakupata hata kitambaa cha Mama. Ng'ombe walikuwa salama wote.

Mwisho aliuliza, kwa upole, kama sikumtumia mtu yeyote hata kipande. Nikakumbuka telefone ya Patient.

Jumapili, 9 Juni.
Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukumbi wa kanisa. Niliketi karibu na mlango. Mama Bernardine akatokea, amefifia kidogo, akafumbua mdomo, ikatoka sauti ya mzee mwenye mafua. Watoto walicheka kwanza. Kisha mapadri wote wa safu ya mbele wakainama. Binti yake, aliyekuja kumchukua, hakucheka. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Patient akaruka, akazima sauti. Kimya. Kwenye shuka Mama anaimba, hakuna kinachosikika.

Mama Bernardine mwenyewe akasimama. "Mbona munahuzunika?" alisema. "Minye si niko hapa?" Akaangalia mdomo wake ukutani, akangoja, akaanza kuimba pamoja nao. Shorale ikamfuata. Mdomo na sauti vilikwenda sawasawa mpaka neno la mwisho. Binti yake alilia wazi. Na mimi kidogo, kwa sababu ya vumbi.

Fabiola alikuwa amesimama na kamera yake. Alipiga yote.

Jumatatu, 10 Juni.
Mama ameondoka na video ya Fabiola. Mji mzima unaisifu. Hakuna anayeuliza ni nani aliyesababisha sauti ikosekane, hata Mama akalazimika kuimba.

Nimelipima jambo kwa utulivu. Tatizo halikuwa mwendo, wala kopi, wala disiki. Tatizo ni sauti. Nimebandika mlangoni: FILAMU ZA HARUSI NA KUAGA. MWENYE SAUTI AJE NAYO.

Asubuhi hii amekuja kaka wa binti mmoja, Jolie, anayeolewa mwezi ujao. Nimemweleza kwamba siku ya kuonesha filamu, bibi harusi atasimama na kusema "ndiyo" tena mwenyewe, mbele ya wageni, na padri vilevile. Amesema anakwenda kufikiri. Nimemwona akivuka barabara. Bila shaka anatafuta soda.