Habari za Laurencia wa Qurus na Barua Zilizokataliwa Mlangoni

Vuteni vigoda, enyi mlio Qurus na enyi mnaopanda kutoka Endabash na mbuzi wenu. Zimeni redio, watoto wapewe viazi wanyamaze, na mwenye kikohozi akakoholee nje, kwani habari ijayo si ya mikuki, mikuki kila mtu keshaisikia. Ni habari ya Laurencia binti Qamara, Mkunja-Mashuka, Malkia wa Vitanda, ambaye gesti yake imesimama kando ya njia ipandayo Ngorongoro mithili ya ngome, ngome ya paa la bati. Na jinsi alivyopigana na dunia kwa ajili ya barua pepe, hata dunia ikasalimu amri, au karibu na kusalimu.

Chanzo kilikuwa kidogo, kama chanzo cha vita vyote. Mgeni mmoja wa ng'ambo, mama wa makamo, alimwandikia kwamba amefiwa na mume, kwamba anaomba chumba cha pembeni, na asikalishwe meza moja na maharusi. Laurencia akasoma, akafuta machozi kwa kanga, akamjibu kwa upole kupitia ile barua pepe ya bure aliyoitumia tangu gesti ilipokuwa chumba kimoja na banda la kuku. Kabla chai haijapoa, simu yake ikaanza kumletea matangazo: majeneza ya mninga kwa bei ya ofa, na wanaume wapweke watafutao wachumba.

"Baba Joseph," akamwita mumewe, "kuna mtu anasoma barua zangu."

Thomasi, Mpalilia-Kahawa, Bwana wa Tahadhari, ambaye havuki barabara kabla ya kutazama kulia, kushoto na juu, akakoroga chai yake taratibu. "Si mtu. Ni mashine."

"Mashine inayojua kwamba nimefiwa?"

"Hujafiwa."

"Yenyewe haijui hilo. Wewe imeshakuzika, na mimi imenitafutia mwenye shamba kubwa kuliko lako."

Ikawa baraza likakaa jikoni, mbele ya sufuria ya makande. Thomasi akasimama, akasafisha koo kama mgombea udiwani, akanena: "Mke wangu, tuchukue barua pepe ya kulipia. Kampuni kubwa, ina walinzi, ina mitambo isiyojua kukatika kwa umeme. Na kwa kuwa umelipa, haina haja ya kukuchungulia ili ikuuzie jeneza. Kuweka seva yako mwenyewe, kompyuta ya kupokelea barua hapa nyumbani, ni kama kufuga: ng'ombe akiumwa, daktari ni wewe."

Laurencia naye akasimama, mwiko mkononi. "Umenena vizuri, Baba Joseph, na nyuma ya shati una unga. Wageni wananitumia pasi zao za kusafiria, dawa wanazomeza, na nani hasemi na nani. Siri hizo wamenipa mimi. Nikiziweka ghalani kwa mtu, hata akiapa kwamba hachungulii, ufunguo anao yeye. Nataka ghala langu."

Naam, ghala likajengwa. Akaitwaa kompyuta kuukuu ya mwanawe Joseph, iliyopasuka kioo kama shujaa aliyerudi vitani, akaisimika stoo katikati ya magunia ya maharage, akaifunga kwenye betri ya sola, akailipia anwani ya kudumu na jina la gesti mtandaoni. Ufundi akajifunza kwa walimu wa video, mmoja wao akisema haraka kama dalali wa mnadani. Ikaanguka, akaiinua, ikaanguka tena, akaisema vibaya kwa Kiiraqw, ikasimama. Na barua za wageni zikaanza kuingia moja kwa moja stoo, bila kupitia sebuleni kwa mtu.

Kuingia zikaingia. Kutoka ndiko kulikokuwa na simba.

Maana chama cha watazama ndege kutoka Denmaki kiliandika kikitaka gesti nzima kwa mwezi wa mvua, mwezi ambao vitanda vya Karatu hulala vyenyewe na wenye gesti huhesabu mbao za dari. Walitaka uthibitisho wa maandishi, kutoka anwani ya gesti yenyewe, mwisho Ijumaa adhuhuri. Laurencia akaandika. Barua ikarudi na neno kavu: mtumaji hafahamiki, imekataliwa. Akaandika kwa adabu zaidi, ikarudi. Akaandika kwa ufupi. Ikarudi mbio, kama mbwa aliyefukuzwa arusini. Akampigia simu kiongozi wao, bibi mpole, naye akasema anamwamini kabisa, ila utaratibu wa chama ndio huo; adhuhuri ikipita watachukua hoteli ya mjini.

Ijumaa asubuhi mvua ikipiga bati, Thomasi akaja stoo na kauli ya amani. "Hamishia yote kwa kampuni, mama. Barua itapita, vitanda vitajaa, na mimi sitasema kwamba nilisema."

"Umeshasema."

Lakini mkono wa Laurencia ulikuwa umeanza kwenda kwenye kompyuta, kuhamisha. Ndipo akaingia Moloimet wa Ngorongoro, Mjua-Ndege, Mwenye Shuka na Darubini, mwongoza wageni ambaye riziki yake ya mwezi huo ilining'inia kwenye barua ile ile.

"Yeyo," akamwamkia kwa heshima ya mama, "mbona uso kama umechinja ng'ombe wa watu?"

Wakamweleza. Akacheka hadi maji ya mvua yakadondoka kutoka kwenye shuka lake.

"Kwa hiyo unabisha hodi mwenyewe, kwa watu wasiokujua?"

"Nibishe na nani?"

"Mimi nilipomtaka Nailantei, kama ningekwenda mwenyewe kwa baba yake ningerudi na alama za fimbo. Nilimtuma mzee anayejulikana boma lile. Akakaribishwa, akanywa pombe ya asali, akanisifu kwa mambo nisiyo nayo, nikapewa mke."

"Na Nailantei hakugundua?" akauliza Thomasi.

"Mpaka leo anayadai hayo mambo."

Laurencia hakucheka. Alikuwa ametulia kama chui aliyesikia jani. "Mshenga," akasema. "Mshenga huwa anafunguliwa masanduku ya ndani?"

"Thubutu. Anaambiwa alichotumwa, anakwenda."

Akageuka kwenye kompyuta kama jemadari aliyeona pengo ukutani. Hakuhamisha hata barua moja. Aliajiri kampuni ya kubeba zinazotoka tu, kampuni inayojulikana kwenye milango yote ya dunia. Zinazoingia zikabaki kwake.

"Basi tumechukua ya kulipia," Thomasi akasema, kifua kikipanda.

"Kwa zinazotoka umeshinda wewe. Kwa zinazoingia nimeshinda mimi."

"Na huyo mshenga atasoma."

"Atasoma kwamba vitanda viko tayari, karibuni. Maradhi yao yanabaki stoo na maharage."

Umeme ukakatika, betri ya sola ikashika zamu. Intaneti ikayumba, Moloimet akapanda juu ya gunia akiinua simu kama mkuki wa amani. Laurencia, Simba-Jike wa Qurus, akabonyeza. Wakangoja, na hata mvua ikaonekana kupiga kwa adabu.

Barua haikurudi. Jua la adhuhuri lilikuwa bado linatafuta njia mawinguni ilipolia kengele ya kompyuta: jibu. Laurencia akasoma kwa sauti mstari wa kwanza: "Tumepokea, tunakuja." Thomasi akamkumbatia Moloimet, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika wilaya ile.

Kisha wakamwona Laurencia anaendelea kusoma, kimya, akitabasamu peke yake.

"Kaandika nini tena?" Thomasi akauliza, akinyoosha shingo.

Laurencia akafunika kompyuta. "Kaniandikia mimi."

Na iandikwe, vizazi visome: siku hiyo, katika stoo ya maharage ya Qurus, barua iliingia kutoka Denmaki ikasomwa na mwenyewe tu. Mstari wa pili haumo katika habari hii. Mwandishi aliuomba, akanyimwa.