Mwenyekiti wa Harusi ya Rubina

Jumatatu, 12 Januari 2026

Siku kubwa! Bwana Tufail, mwenye buchari ya Majengo, hapa Meru, ameingia dukani kwangu leo asubuhi. Kapita mlango wa Mutugi, mchapaji mwenzangu wa ng'ambo, bila kugeuza shingo. Nilihakikisha Mutugi ameona: nilimsindikiza mteja hadi barabarani, nikamrudisha ndani, nikamsindikiza tena.

Kazi yenyewe: kadi za harusi ya binti yake, Rubina. Anaolewa Embu, kwa kijana wa Bwana Ashfaq, muuza vipuri vya magari. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Februari, kabla ya Ramadhani. Upande mmoja wa kadi Kiingereza, upande wa pili Kiurdu.

Kiurdu ni kwa ajili ya mama yake Bwana Tufail, ambaye Majengo nzima inamwita Dadi, yaani nyanya kwa Kiurdu. Huyo mama amesema hakuna harusi ya nyumba yao ambayo haikuandikiwa kadi ya Kiurdu, na hii ikiwa ya kwanza, yeye hatakanyaga. Rubina naye amesema Dadi asipokuja, haolewi mtu. Kwa hiyo harusi nzima imekalia kadi yangu. Heshima iliyoje!

Akaniuliza kama najua Kiurdu. Nikamwambia hiyo kwangu ni kazi ndogo. Sikudanganya. Ni ukurasa mmoja tu.

Jioni Kagwiria akaniuliza, "Baba Munene, na Kiurdu umekitoa wapi?" Nikamweleza kwamba siku hizi lugha zote ziko ndani ya simu. Mke wangu ni mtu mzuri lakini hana macho ya mbele.

Jumanne, 13 Januari

Simu imenitafsiria maneno ya kadi bila matata. Maandishi yamepinda vizuri, kama mizabibu. Nikayahamishia kwenye kompyuta. Kufika huko, herufi zimeachana! Kila moja imesimama peke yake kama watu waliogombania shamba. Nikachapa sampuli hivyo hivyo, nikitumaini kwamba kwenye karatasi zitapatana.

Hazikupatana. Kagwiria alisema ni siafu waliomwagiwa maji.

Nikampelekea mwalimu wa madrasa. Akaigeuza, akavaa miwani, akavua miwani. Akasema herufi nyingi anazifahamu kutoka Kiarabu, ila hizi hazisemezani. Aliuliza zimetoka wapi. Nikasema Pakistani.

Jambo la hatari: Dadi hushinda dirishani, nyuma ya msikiti, akitazama wapita njia. Akinisemesha Kiurdu nimekwisha. Kuanzia leo napitia njia ya sokoni. Ina matope, lakini ni ya amani.

Alhamisi, 15 Januari

Mutugi amesimama mlangoni pake akipiga mswaki, akanirushia neno mbele ya watu: "Elphas, nasikia siku hizi wewe ni Mhindi. Hebu tusalimie basi." Watu wakacheka. Nikajifanya napokea simu. Kwa bahati mbaya simu ikalia nikiwa nayo sikioni.

Lakini usiku sikulala bure. Nimepata mpango wa kununua wakati. Majirani wetu wa hapa mjini hawasomi Kiurdu. Kwa nini wangoje? Wapewe kadi za Kiingereza kwanza! Bwana Tufail ataona kazi inasonga, nami nitakuwa nikizipatanisha zile herufi polepole.

Nikafungua tena maneno aliyoniachia, safari hii nikayasoma. Mungu wangu, ufupi gani huu? Bwana na Bibi fulani wanakuomba uhudhurie nikaha ya binti yao, msikitini, baada ya sala ya adhuhuri, kisha chakula. Basi! Hakuna kamati. Hakuna mwenyekiti. Hakuna siku ya michango. Mtu wa Meru akipewa kadi kama hiyo ataamini kweli kuna harusi? Atadhani ni tangazo la stima kukatika.

Mwaka jana Mutugi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti wa chifu, na tangu hapo anatembea kama aliyebeba mayai kwapani. Na mimi je?

Nimeiboresha kadi. Chini ya maneno ya Bwana Tufail nimeongeza kamati ya maandalizi, na tangazo kwamba michango ya vitu itapokelewa Jumamosi hii kwenye buchari yake. Kisha, kwa herufi nene: Mwenyekiti, E. Gikunda. Itakuwa zawadi yangu kwa familia. Sijamwambia Bwana Tufail. Nataka ashtuke.

Ijumaa, 16 Januari

Nimezigawa soko la Gakoromone, kanisani, na stendi ya magari ya Maua. Watu wamepokea kwa mikono miwili. Kaari, muuza ndizi, ambaye amekaa katika kamati nyingi kuliko mbunge, alisoma yote hadi mwisho. Akauliza mweka hazina ni nani. Nikasema bado tunatafakari. Akauliza mwenye buchari anachangiwa nini. Nikasema ndiyo desturi. Akauliza desturi ya nani.

Nilikuwa na haraka, nikaendelea na safari.

Jumamosi, 17 Januari

Wamekuja! Sijawahi kuona watu wanaoitika hivi. Kufikia saa nne buchari ilikuwa haionekani. Mikungu ya ndizi hadi mlangoni. Viazi vikuu, makaa, mitungi ya maziwa, kuku waliofungwa miguu. Wazee wa kanisa letu wameleta beberu mkubwa, wakamkabidhi mwenye buchari, ambaye nyuma yake walikuwa wamening'inia mbuzi sita. Mwendesha pikapu wa Maua akaleta kitita cha miraa kimevikwa majani ya ndizi, kile hasa cha kuwapelekea wakwe, akamwekea Bwana Tufail mikononi, akavua kofia. Bwana Tufail alikishika kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua.

Nilisimama juu ya kreti, nikawa natangaza kila jina na alicholeta. Watu walipiga makofi. Mutugi alikuwa anatazama kutoka ng'ambo, mswaki mdomoni.

Nilipoteremka, nilimtafuta Bwana Tufail anishukuru. Alikuwa amejifungia ndani ya friji kubwa ya nyama. Nikagonga. Akaniambia kupitia mlangoni niende nyumbani. Furaha humfanya mtu hivyo.

Jumapili, 18 Januari

Haikuwa furaha.

Kumbe kwao, anayealika ndiye anayelisha. Kumwalika mtu kisha umwambie aje na chakula ni kumtangazia kwamba huna. Ningejuaje? Kwetu asiyechangiwa ndiye wa kuhurumiwa!

Tena mji mzima unasema mwenye buchari aliyeletewa mbuzi lazima amefilisika. Wateja wanapita mbali, wanaogopa kwamba nyama ni ya kukopa. Na habari zimefika Embu. Bwana Ashfaq amepiga simu asubuhi, kwa upole wa kutisha, akasema kama mambo si mazuri kwa ndugu yake, harusi inaweza kungoja mpaka baada ya Idi. Au hata baadaye. Rubina amelia tangu hapo. Kagwiria alikwenda kumwona, akarudi hasemi nami.

Bwana Tufail alinijia dukani baada ya sala ya adhuhuri. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba kadi zile ni kazi ya Mutugi, kwa wivu wake. Akaitoa moja mfukoni, akaiweka juu ya meza, akaigeuza inielekee. Mwenyekiti, E. Gikunda. Kwa herufi nene.

Herufi nene ndizo zimeniponza. Nyembamba zingepita.

Jumatatu, 19 Januari

Bwana Tufail ameninyang'anya kazi. Nimemwona kwa macho yangu akiingia kwa Mutugi! Nikajibanza nyuma ya kibanda cha simu nisikie. Akamuuliza kama anajua Kiurdu. Na Mutugi, sikiliza vizuri, akasema hajui.

Hivyo tu. Hajui! Akaongeza kwamba anavyojua yeye, hapa Meru anayekijua ni Dadi peke yake, na mbona wasimpe kalamu? Karibu nimwonee huruma. Mtu hawezi kuendesha biashara namna hiyo.

Jioni ukaja ujumbe: Dadi ananiita. Kesho asubuhi. Mimi, si Mutugi. Nimemwambia Kagwiria nina homa. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema nitakwenda na homa yangu.

Jumanne, 20 Januari

Nimetoka kwa Dadi. Niandike kabla sijasahau.

Mama mdogo sana, shali nyeupe, ameketi dirishani, mikungu ya ndizi ya Jumamosi imemzunguka kama walinzi. Nilikuwa nimekariri salamu moja ya Kiurdu kutoka kwenye simu. Sikupata nafasi. Alinisalimu kwa Kimeru, tena kile cha zamani, cha nyanya yangu. Amezaliwa hapa hapa. Akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, akamkumbuka babu yangu, akasema naye alikuwa mtu wa mipango. Sikuelewa kwa nini alikuwa anacheka.

Kisha akanionyesha sampuli yangu ya siafu, ambayo mwalimu wa madrasa alikuwa amempelekea kitambo. "Kijana," akasema, "umekwenda kutafuta Kiurdu mpaka Pakistani. Mimi niko hapa nyuma ya msikiti. Kila siku nakuona unapita kwenye matope, najiuliza huyu ananikimbia kwa nini. Kalamu yangu iko tayari tangu mjukuu wangu alipochumbiwa. Nilikuwa nangoja mtu aniombe tu."

Nikasema ndiyo nilikuwa nakuja kumwomba. Akaviangalia viatu vyangu vyenye matope.

Bwana Tufail alikuwa kando, amevimba macho. Akasema vitu vyote vya watu virudishwe leo. Dadi akamwangalia kama mtoto wa shule. Alisema kwa utaratibu: "Mtu amekuletea ndizi mlangoni, unamrudishia? Atajificha wapi? Hapana. Wote walioleta ni wageni wetu. Watakula msikitini siku ya harusi, na watakula sana."

Akaomba simu. Akampigia Bwana Ashfaq wa Embu mwenyewe. Baba yake Ashfaq, nasikia, aliwahi kumbeba akiwa mtoto, au yeye ndiye aliyembeba, sikufuata. Walizungumza Kiurdu kidogo, kisha akahamia Kiswahili, nadhani ili sote tusikie: "Ashfaq, majirani zetu wametuletea mbuzi, maziwa, na mzigo wa wakwe kutoka Maua, kwa sababu wanampenda mtoto wetu. Nyinyi huko Embu majirani wamewaletea nini?"

Sauti ndogo ndani ya simu ikasema tarehe ni ile ile.

Rubina alikuwa mlangoni. Akaja akaketi chini, akamwekea Dadi kichwa magotini, na mimi nikatazama ndizi.

Basi Dadi akaandika. Kwa kalamu ya mwanzi, taratibu, kutoka kulia. Nikamuuliza mbona haandiki aya ya maandiko, kwa kuwa kadi zetu sote huwa na aya. Akasema kadi huishia jalalani, na maneno ya Mungu hayaendi huko. Nikauliza jina la Rubina liko wapi, maana alinionyesha la baba na la baba mkwe tu. Akasema kwenye Kiurdu chao anaandikwa binti tu, na asiyejua binti ni yupi asije.

Karatasi hiyo niipige picha, nichape. Bwana Tufail alipendekeza apewe Mutugi. Dadi akakataa. Akasema huyu ndiye aliyewaita watu, huyu ndiye atakayewaandikia. Nikajua mara moja kwamba amekitambua kipaji changu.

Jumapili, 8 Februari

Harusi ilikuwa jana. Sikuweza kuandika usiku ule kwa sababu ya tumbo lililojaa pilau.

Kadi zilipendeza! Wazee waliotoka Nairobi walizishika kwenye mwanga, mmoja akafuta machozi, akasema hajaona mkono wa namna hiyo tangu kwa mama yake. Nilisimama karibu naye kwa muda mrefu, iwapo angetaka kujua ni nani aliyezichapa. Dadi alitangulia kuingia, amemshika Rubina mkono, akaketi mbele kabisa, kadi mapajani.

Watu wa Embu walikuja na fahali. Bwana Ashfaq mwenyewe alimshika kamba, akiangalia kama majirani wa Meru wanaona. Wanaona! Kaari akasema fahali huyo ni mdogo kidogo, kwa sauti ya kusikika. Leo ni walima, karamu ya upande wa bwana harusi, huko Embu, na nasikia majirani wa huko nao wameanza kushindana kuleta vitu. Wazee wa kanisa letu walikula pilau ya mbuzi wao wenyewe na hawakumtambua. Buchari imejaa wateja tena. Bwana Tufail alinipa mkono. Alikuwa bado haniangalii usoni, lakini mkono alinipa.

Kagwiria akaniuliza njiani kama kuna nililojifunza. Nikamwambia ndiyo, mengi sana.

Jumanne, 10 Februari

Nilichojifunza ni hiki: mwandiko wa Dadi ni mali.

Leo, mlango umefungwa, nimeichukua ile picha kwenye kompyuta, nikaikata neno moja moja. Sasa nina vipande vizuri, vyote vimeungana, hakuna siafu hata mmoja. Vipande hivyo ukivipanga upya, si una kadi mpya? Harusi, akika ya mtoto mchanga, ufunguzi wa duka, chochote! Sihitaji kumsumbua mama wa watu kwa kalamu. Tayari nimemtumia sampuli mwenye hoteli mmoja wa Isiolo anayemwoza kijana wake mwezi wa Shawwal, baada ya Ramadhani. Nimemhakikishia kuwa tuna mwandishi wetu wa Kiurdu hapa ndani ya ofisi. Nimechagua vile vipande vinavyopendeza zaidi, na nimeweka vichache mara mbili ili ukurasa ujae. Mutugi atasikia habari zangu.

Mwenye hoteli amejibu saa hii hii kwamba ameipenda, na kwamba Alhamisi anakuja Meru na mjomba wake kutoka Karachi, Pakistani, kuichukua.

Swali moja dogo ndilo limebaki kabla sijachapa. Upande upi ndio juu?