Siku Fundi Alipoipima Dunia Tumbo

Haya, sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana habari za Fundi Cherehani, simba wa sindano, bwana wa vifungo, mshinda mapindo, hazitaki kukatizwa. Vita hivi vilipiganwa mchana kweupe, juu ya meza ya kulia, na majeruhi alikuwa tikiti maji.

Ilikuwaje? Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, mbali kwelikweli, alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza, akamtumia mama yake tiketi ya ndege. Siku mbili kabla ya safari, mama akaikunjua ile karatasi, akaona ramani: mji wetu huku, mji wa binti kule, na njia ya ndege imepinda kama upinde, inapanda hadi kwenye barafu. Akakaa kitako.

"Siendi."

"Mke wangu!"

"Siendi, baba watoto. Rubani gani anazunguka kama mbuzi aliyekata kamba? Mafuta yakimwishia huko?"

Ndipo akainuka Kinyozi, kaka yake mama, jemadari wa maneno, rula mkononi kama upanga. Akailaza juu ya ramani, mji hadi mji. "Shemeji, njia fupi ni iliyonyooka, hata kuku anajua. Dada, usipande!"

Binti kule uchungu unamnyemelea, na mama huku kagoma! Fundi akaanza kuuzungusha uzi kidoleni, mbio kama cherehani ya miguu. Mara akamkumbuka muuza nyama, mteja wake wa miaka, mwenye tumbo la kutangulia mlangoni. Akanguruma:

"Ewe Kinyozi, mpima vichwa kwa macho! Ulishampima muuza nyama kiuno kwa rula? Tumbo hupimwa kwa kamba. Na dunia, shemeji, ina tumbo!"

Akalitwaa tikiti la mviringo, akachoma pini mbili katikati ya kiuno chake na kikonyo, kimo kimoja: huu mji wetu, ule wa binti. Akauzungusha uzi sambamba na kiuno. "Njia yako hiyo." Akaupima: inchi tisa. Kisha akauvuta ukakaza, na uzi, bila kuamriwa na mtu, ukateleza wenyewe kuelekea kikonyo, kule kwenye barafu, ukapinda vilevile kama kwenye karatasi. Akaupima: inchi nane!

"Umeuvuta sana," alisema Kinyozi.

"Vuta wewe."

Kinyozi akavuta mara tatu. Nane, nane, nane. Akaiweka rula chini kama jeshi linavyoweka silaha.

Mama naye akaushika uzi, akauvuta kwa kidole, akatazama unavyopanda. Hata inzi alisubiri.

"Kumbe rubani anapita njia ya mkato," alisema. "Basi mpigieni binti, asizae kabla sijafika."

Na iandikwe na wanaojua kuandika: siku hiyo mshona suruali, bila mkasi, aliipunguza dunia inchi nzima, na mama akapanda ndege.